Pumzi ya Ziwa: Habari za Elimu ya Upumuaji Baina ya Kirumba, Kisumu na Jinja

Katika mwalo wa Kirumba, mjini Mwanza, mitumbwi ya wavuvi ifikapo alfajiri huonekana jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawaliulizi tena. Dagaa, waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa, huwa wamekwisha kufa kabla mtumbwi haujagusa ufuko. Sangara, hata awe mkubwa namna gani, hufunua mashavu yake mara chache kisha akatulia. Lakini kamongo akiletwa, aweza kutiwa katika beseni lisilo na maji ila unyevu tu, akafunikwa gunia bichi, na hata alasiri akawa angali anafumbua kinywa na kuvuta hewa. Samaki hawa watatu wametoka katika ziwa moja, na pengine katika ghuba moja. Kufa kwao ndiko kunakotofautiana. Kisa cha tofauti hiyo kimechukua sehemu kubwa ya historia ya ziwa katika karne ya 20, na ndani yake mna pia mkasa wa neno moja la Kiswahili, kupumua, ambalo elimu ya viumbe imelitwika mzigo ambao hapo kwanza halikuwa nao.

Msemaji wa Kiswahili hana uhaba wa maneno katika jambo hili. Aliyekimbia hutweta, aliyepanda mlima na mzigo kichwani huhema, aliyeondokewa na wasiwasi hushusha pumzi, na aliyechoka hupumzika, maana yake huirudisha pumzi yake mahali pake. Kutoka Kiarabu yamekuja maneno roho na nafsi, ambayo yote mawili kwa asili yake yana undugu na upepo na pumzi, ndipo mtu afaye akasemwa kwamba amekata roho. Lakini maneno haya yote ni ya kifua, pua na kinywa. Hakuna hata moja lisemalo kwamba ini hupumua, au msuli wa paja, au ubongo. Mtoto wa Tanzania ajifunzaye kwa Kiswahili katika shule ya msingi hulipokea neno kupumua kwa maana ya kuvuta na kutoa hewa. Afikapo sekondari, ambako mafunzo hutolewa kwa Kiingereza, hukutana na kazi ya pili, ifanywayo ndani ya kila seli ya mwili, na hukutana nayo chini ya jina la kigeni. Si ajabu basi kwamba wengi humaliza masomo wakidhani kuwa hayo ni mambo mawili yasiyohusiana.

Ulaya nako watu walikaa na kosa la namna hiyo kwa muda mrefu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 na 1783, mjini Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimtia mnyama mdogo afananaye na panya ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima maji yaliyoyeyuka kwa joto la mwili wake, kisha wakalinganisha joto hilo na hewa aliyoitoa. Wakaona kwamba mnyama apumuaye na mkaa uwakao hufanya kazi moja: vyote viwili hula hewa ileile na kutoa hewa ileile, ila mnyama huwaka polepole na bila ndimi za moto. Lavoisier ndiye aliyeipa hewa iliwayo jina la oksijeni, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya kizazi cha ukali, kwa kuwa alidhani kwamba hakuna asidi isiyokuwa nayo. Katika hilo alikosea, na lugha zote zilizolipokea jina hilo, Kiswahili kikiwamo, zimelipokea pamoja na kosa lake. Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa la mahali. Lavoisier alidhani moto huo huwaka mapafuni.

Miaka ya 1870 ndiyo iliyoutoa moto mapafuni. Eduard Pflüger na wanafunzi wake, huko Ujerumani, walionyesha kwamba oksijeni hutumiwa na nyama za mwili zenyewe, na kwamba mapafu na damu ni wachukuzi tu. Jaribio moja kati ya hayo lilikuwa la kutisha: vyura waliondolewa damu yote, wakatiwa maji ya chumvi mahali pake, nao waliendelea kutumia oksijeni kwa kiasi kilekile cha kwanza. Tangu hapo ilikuwa lazima kutenga mambo mawili: kupumua kwa kifua, ambako ni uchukuzi, na kupumua kwa seli, ambako ndiko kuungua kwenyewe.

Namna ya kuungua huko ilichukua karibu miaka 100 kufahamika, na haifai kusimulia hapa kila hatua. Mwaka 1925 David Keilin wa Cambridge, alipokuwa akiwachunguza mabuu wa nzi aishiye tumboni mwa farasi, alikuta katika seli rangi ibadilikayo kila oksijeni ijapo na kuondoka, akaiita saitokromu. Mwaka 1929 Karl Lohmann alikuta kitu kiitwacho adenosini trifosfati, ambacho kwa kifupi huandikwa ATP, na baadaye ikabainika kwamba hicho ndicho sarafu ya seli: nishati yote itokayo katika chakula hubadilishwa kwanza kuwa ATP, ndipo itumiwe. Mwaka 1937 Hans Krebs, akiwa Sheffield, alitumia misuli ya kifua cha njiwa akagundua mzunguko ambao kwao mabaki ya sukari humalizwa hatua kwa hatua. Jarida kubwa la Uingereza lilikataa kuitoa makala yake, akaipeleka kwingine. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyohiyo.

Kwa ufupi, mambo huenda hivi. Sukari iingiapo ndani ya seli hukatwa kwanza vipande viwili bila msaada wa oksijeni, na kwa kazi hiyo kila molekuli ya sukari huipatia seli ATP 2 tu. Vipande hivyo huingia katika vifuko vidogo viitwavyo mitokondria, vikapitia mzunguko wa Krebs, na kile kinachonyang’anywa hapo hupokezanwa na saitokromu mkono kwa mkono hadi kuifikia oksijeni. Oksijeni basi husimama mwisho kabisa, kama mtu wa mwisho katika safu ya watu wapokezanao ndoo za maji kuzima nyumba iunguayo: akiondoka yeye, ndoo hazina pa kwenda na safu yote husimama. Ikiwapo, faida huwa takriban ATP 30 kwa kila molekuli ya sukari. Kati ya 2 na 30 ndipo ulipo uhai wa viumbe wengi.

Faida hiyo hupatikanaje? Peter Mitchell alieleza mwaka 1961 kwamba upokezanaji huo husukuma chembe za haidrojeni zirundikane upande mmoja wa utando wa mitokondria, nazo hutaka kurudi. Jambo hili si gumu kwa mtu aliyeliona bwawa la Maporomoko ya Owen, pale Jinja, ambalo tangu mwaka 1954 limeyazuia maji ya Nile yatokayo ziwani na kuyapitisha penye mitambo ili yaizungushe. Katika seli mna mitambo ya namna hiyo, na yenyewe huzunguka kwelikweli. Paul Boyer na John Walker walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997 kwa kueleza jinsi itengenezavyo ATP.

Hata kuoza kwa samaki ni upumuaji, wa bakteria. Anayeanika dagaa juani, au kumtia sangara chumvi na kumkausha mpaka awe kayabo wa kupelekwa Kongo, huwanyima bakteria hao maji, na seli isiyo na maji haiwezi kufanya kazi yake. Kazi ya uanikaji ilifanywa ziwani kabla ya jina la seli kufika huko.

Sasa kamongo. Jina hili ni la Kijaluo, nalo limeingia katika Kiswahili cha kandokando ya ziwa. Katika Kiganda samaki huyo huitwa mmamba, na msomaji wa Kiswahili asimdhani kuwa ndiye mamba wa mtoni. Ni mwiko wa ukoo mkubwa wa Buganda wenye jina hilo, ambao hawamli. Wavuvi wote wa ziwa wajua kwamba kamongo hupanda juu ya maji kuvuta hewa, na kwamba akinaswa katika wavu usiomruhusu kupanda, hufa kwa kuzama, yeye aliye samaki. Sababu ni kwamba ana mapafu, na matamvua yake ni dhaifu. Aliyekwisha kukua hupata karibu oksijeni yake yote kutoka angani. Hapo hupata faida isiyo ndogo. Ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari na maji yake ni ya uvuguvugu, hata lita moja ya maji hayo, yakiwa yameshiba hewa, huwa na miligramu 7 tu za oksijeni, au kupita kidogo. Lita moja ya hewa iliyo juu yake ina zaidi ya mara 30 ya kiasi hicho.

Mwaka 1928 Homer Smith, mtaalamu wa figo kutoka New York, alifika Kisumu kwa ajili ya samaki huyu. Alitaka kujua viumbe wa majini waliwezaje kuhamia nchi kavu, na kamongo alionekana kuwa amesimama mlangoni. Maji yakaukapo mabwawani, kamongo huchimba shimo katika tope, hujikunja, hutoa ute ukaukao na kuwa kifuko, akabakiza tundu dogo la pumzi mbele ya kinywa. Smith aliwaweka katika hali hiyo kwa miezi mingi bila chakula wala maji, akapima oksijeni waliyoitumia. Aliona kwamba moto wa seli zao ulishuka hadi sehemu ndogo tu ya kawaida yake, lakini haukuzimika. Kilichokuwa kikiungua ni nyama zao wenyewe. Na kwa kuwa nyama ikiungua huzaa amonia, ambayo ni sumu, na kamongo wa kifukoni hana maji ya kuitupia, huigeuza kuwa yurea akaihifadhi mwilini mpaka mvua irudi. Akirudi majini huitoa yote kwa siku chache. Mambo hayo aliyaandika mwaka 1930. Miaka 2 baadaye Krebs alionyesha jinsi ini litengenezavyo yurea, na mwaka 1966 ilithibitishwa kwamba ini la kamongo lina vyombo hivyohivyo vya kazi.

Yapasa kuongeza, kwa haki, kwamba kamongo wa ziwani ni nadra kulala kifukoni, maana ziwa halikauki. Hilo ni jambo la vinamasi na mabwawa ya pembeni. Smith alitoa mwaka 1932 kitabu cha masimulizi na mabishano, akakiita kwa jina la samaki huyo. Hivyo neno la wavuvi wa Kijaluo lilipata kusomwa Marekani, ilhali elimu iliyotokana na samaki wenyewe haikuandikwa kwa lugha yoyote isomwayo ziwani. Msafiri huyo hakosi heshima yake, ila hesabu hiyo haikuwa sawa.

Wakati uleule, mwaka 1927 na 1928, Michael Graham alikuwa akilikagua ziwa kwa niaba ya serikali za kikoloni, kwa kuwa ngege walikuwa wakipungua. Katika taarifa yake ya mwaka 1929 alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka mahali pengine kungekuwa na hatari kubwa. Mwaka 1947 lilianzishwa Jinja shirika la Afrika ya Mashariki la utafiti wa uvuvi, nalo liliendelea mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Hapo Jinja alifanya kazi bwana mmoja aliyeitwa Fish, jina ambalo kwa Kiingereza ni samaki, na mwaka 1956 alitoa makala juu ya upumuaji wa samaki wa aina sita wa Uganda. Alipima jinsi damu ya kila mmoja ishikavyo oksijeni. Damu ya ngege huishika hata ikiwa haba sana majini. Damu ya sangara ni kinyume: huishika kwa udhaifu, na hewa ya ukaa ikizidi majini hushindwa zaidi. Sangara ni mnyama wa mbio na misuli mikubwa, ambaye seli zake zinadai mengi, na damu yake imezoea maji yaliyoshiba hewa.

Makala hiyo ilitoka katika miaka ileile ambamo sangara alikuwa akiingizwa. Wa kwanza waliingizwa Jinja mwaka 1954, kwa siri. Wengine waliingizwa waziwazi mwaka 1962 na 1963. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer aliandika kupinga jambo hilo. Hoja zilizotolewa pande zote zilikuwa juu ya nani atamla nani. Swali la nani ataweza kupumua wapi halikupewa nafasi kubwa, ingawa vipimo vyake vilikuwa mezani palepale Jinja.

Yaliyofuata yajulikana Kirumba kuliko vitabuni. Furu, jina litajalo jamii ya samaki wadogo wa aina zipatazo 500, walikuwa ndio wengi katika Ghuba ya Mwanza. Tangu mwaka 1977 wataalamu wa Leiden, Uholanzi, pamoja na wenzao wa Tanzania, waliwahesabu. Na katika miaka ya 1980 waliwaona wakitoweka mbele ya macho yao. Imekadiriwa kwamba aina 200 hivi zilipotea ziwani kote. Biashara ya sangara ilijenga viwanda Mwanza, na mwalo wa Kirumba ukageuka kuwa soko la nchi kadhaa.

Husemwa kwa kawaida kwamba sangara aliwala furu, na neno hilo ni kweli. Lakini si kweli yote. Katika mwaka 1960 na 1961 J. F. Talling alipima maji ya ziwa, akakuta kwamba upungufu wa oksijeni ulikuwa wa chini kabisa, na wa majira. Vipimo vilivyorudiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha kwamba upungufu huo ulikuwa umepanda juu zaidi na kudumu muda mrefu zaidi wa mwaka. Mbolea, udongo wa mashamba yasiyo na miti, majivu na maji machafu ya miji yalikuwa yameilisha mimea midogo sana ya majini, nayo iliongezeka hata maji yakawa ya kijani. Mimea hiyo ikifa huzama, na bakteria huila. Na bakteria hupumua. Oksijeni ya vilindini huishia katika seli zao. Katika miaka ya 1990 yakaja na magugu maji, yakafunika ghuba na kuzuia hewa. Maji hayo yakipanda kwa upepo, samaki huelea wamekufa, na sangara huwa miongoni mwa wa kwanza, kama damu yake ilivyokwisha kusema mwaka 1956.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kwa namna isiyotazamiwa. Uchunguzi uliofanywa Uganda katika miaka ya 1990, hasa katika Ziwa Nabugabo lililo karibu na ziwa kubwa, ulikuta kwamba furu kadhaa na samaki wengine wadogo waliodhaniwa kupotea walikuwa wamejificha ndani ya mafunjo. Maji ya mafunjoni yana oksijeni haba mno. Samaki mdogo mwenye damu iishikayo vizuri, au ajuaye kuvuta maji ya juu kabisa yanayogusana na hewa, huishi humo. Sangara hawezi kumfuata. Uhaba uleule uliokuwa ukiua vilindini ulikuwa ukiokoa ukingoni.

Na katika Ghuba ya Mwanza yenyewe, furu mmoja, Haplochromis pyrrhocephalus, alirudi katika miaka ya 1990 baada ya karibu kutoweka. Frans Witte na wenzake walipomlinganisha na wale waliohifadhiwa kabla ya sangara kuenea, waliona, katika makala ya mwaka 2008, kwamba eneo la matamvua yake lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 64, na kichwa kimebadilika umbo ili kuyapa nafasi. Badiliko hilo lilitokea katika muda wa miaka 20 hivi. Matamvua ya dagaa nayo yameongezeka nyuzi. Mvuvi wa Kirumba ashikaye dagaa wa leo hamshiki yuleyule aliyeshikwa na baba yake, ijapokuwa kwa macho hawezi kumtambua.

Kuhusu lugha, yaliyotangulia yatosha kuonyesha kwamba neno kupumua laweza kuuchukua mzigo wake, mradi lisiachwe peke yake. Kuna wapendao kulikopa neno la kigeni na kulitia irabu mwishoni, ili jambo la seli lisichanganywe na la kifua. Hoja yao ina uzito darasani. Lakini neno la mkopo huvunja ule uhusiano ambao Lavoisier na Pflüger waliutafuta kwa taabu, yaani kwamba kifua huvuta kwa ajili ya seli. Upumuaji wa seli, kwa maneno mawili ambayo kila mtu anaweza kuyaeleza, unaeleweka hata na mtu aliyemwona kamongo katika beseni na sangara juu ya mchanga. Naye tayari anao mfano.

Kamongo mwenyewe hakushindwa na ukosefu wa oksijeni. Hata hivyo P. C. Goudswaard, Witte na Lauren Chapman walionyesha mwaka 2002, kwa hesabu za nyavu za kukokota za Ghuba ya Mwanza, kwamba amepungua sana ziwani. Sababu walizozitaja ni mbili. Dume hulinda kiota chenye mayai na makinda pembeni mwa mafunjo, hasogei, na huvuliwa hapohapo. Na mafunjo yenyewe yamefyekwa yakawa mashamba.